Herufi Mbili

Ukiniuliza nilifanya nini kwa miaka thelathini na moja
nitakuandikia herufi mbili: m, na a.
M ni mbu wangapi kwa kila kichwa cha mtu.
A ni mara ngapi kwa siku mbu mmoja huitaka damu yetu.
Zikisimama pamoja husomeka ma,
kama mwanzo wa mateso, au wa matibabu;
hesabu haichagui.

Mama, muuza viungo soko kuu la Bobo-Dioulasso,
aliitazama shahada yangu juu chini:
"Daktari gani wewe, huna hata sindano?"
Natibu kwa chaki, nikamwambia.
Alicheka mpaka akashika ubavu,
kisha akanipa mtama nimpimie,
maana walau kuhesabu najua.

Lakini ma haikutoka kwenye chaki.
Ilitoka kwenye mguu wa Dofini Sanou,
mguu wa kushoto, wenye kovu la jembe,
suruali imekunjwa hadi gotini,
juu ya kigoda, ukingoni mwa mpunga wa Bonde la Kou.
Mkono huu tochi, mkono huu mrija wa kioo.
Mbu akitua, kabla hajazamisha mdomo,
Dofini anamfyonza, anampuliza kikombeni, anaziba kwa pamba.
Kila saa na kikombe chake, hadi alfajiri.
Faranga elfu mbili na mia tano kwa usiku,
na vidonge vya kinga.

Mimi nilikuwa nimelala. Lazima niliseme hili.
Asubuhi vikombe vilinijia vimeshakuwa tarakimu,
bila muwasho, bila umande, bila vyura.

Nikajifunza kwamba mbu wa kuogopwa si kijana:
ni ajuza, aliyeponea siku kumi na mbili,
aliyekibeba kimelea hadi kikaiva.
Ufupishe uzee wake kidogo tu
na mkunjo mzima wa grafu unaporomoka.
Hapo ndipo nilipoipenda kazi, nakiri,
kama mtu apendavyo lango kubwa
lililokubali ufunguo mdogo.

Nikachora vyandarua vikiushusha mstari
chini ya moja. Moja ndiyo kizingiti:
mgonjwa akimwachia ugonjwa pungufu ya mtu mmoja
maradhi hufa bila mrithi.
Lisbon walipiga makofi. Nikapewa kiti, kisha idara.

Msimu huohuo Dofini alikuja ofisini, amevaa shati la Ijumaa.
"Madamu, kikombe cha saa moja kimejaa.
Siku hizi wanakuja mapema. Watu bado wako uani."
Nikatazama jedwali: nukta moja, peke yake juu,
kama mbuzi aliyepanda paa.
Nikaiita kosa la kipimo. Nikaifuta.
Yeye akanywa maji, akashukuru, akaenda.

Chandarua hakimfuniki anayesubiri wali uive.

Miaka minne mstari uligoma kushuka.
Nilibadili mvua, nilibadili joto, nilibadili kasi ya kupona,
nilimshuku kila mtu ndani ya mlinganyo isipokuwa mimi.
Mwishowe nikaomba daftari lake, la penseli:
saa moja, 41.
Saa moja, 38.
Saa moja, 52, mtoto ana homa, sikumaliza usiku.

Niliandika masahihisho. Jina lake la kwanza, langu la pili.
Alisoma jina, akauliza kama malipo ya usiku ule
yangeweza sasa kutolewa.

Wanafunzi wakitaka niwafundishe ma
nawapeleka Kou kabla jua halijazama.
Wanameza vidonge, wanakunja suruali,
wanakaa kwenye vigoda, wanaona haya kidogo.
Majikoni moshi unaanza. Mtoto anaitwa akaoge.
Mmoja ameshafungua kompyuta magotini.

"Usiandike bado," anamwambia Dofini.
"Hajatua."