Karamu

Baba hana L.
Alipoondoka Ruyigi, ana miaka kumi na miwili,
dada yake akabeba sufuria, yeye akabeba mkeka.
L haikuwamo katika vitu vya nyumba ile,
na hapa Nkuhungu hajaipata mpaka leo.
Kwa hiyo asubuhi ya mtihani wa darasa la saba
alinisimamisha mlangoni, pasi ya mkaa inafuka mkononi:
"Goreti, usisahau karamu."
Nikacheka njia nzima.
Karamu! Na usiku tumelalia uji.

Anapiga pasi mashati ya serikali.
Serikali ilipohamia huku na masanduku yake
ilikuja na mikunjo mingi,
naye akaongeza meza.
Daftari la wateja ni langu tangu nina miaka tisa:
Bwana Chilewa, mashati matano, suruali mbili, hajalipa.
Mama Lechipya, gauni la kitenge, lisiungue.
Akiandika mwenyewe ni Chirewa, ni Rechipya,
na wapo wanaosoma, wakamtazama mara ya pili,
wakauliza kwa upole uliopigwa pasi:
"Mzee, kwani wewe kwenu wapi?"

Hapo huniita. Mimi ndiye L yake.
Simu ya mwenye nyumba, mimi.
Ofisi ya kata, mimi.
Daktari wa General akitaka kujua maumivu yanaanzia wapi,
mimi, binti, nakieleza kiuno cha baba yangu
kwa Kiswahili safi, macho nimeyaweka ukutani.

Majirani wakipita na "Mbukwa!"
anaitikia "Mbukwa!" kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.
Salamu ile ya Kigogo haina L.
Humo anakaa bila kuulizwa.

Sasa nina mshahara, si mkubwa.
Nasoma mita za maji, Kikuyu hadi Chang'ombe.
Nimepata chumba Ipagala: dirisha moja,
bomba la nje, ufunguo ambao hauna pacha.
Nilimwambia jioni, akipuliza mkaa.
Akasema, "Oya."
Na barabarani, wakati huo huo, kijana wa bodaboda
akampigia mwenzake kelele, "Oya!"
Neno moja. Kule nje linaita.
Kwetu ndani, kwa Kirundi, ni hapana.
Nikasimama kizingitini, oya huku na oya huku.
"Msichana hatoki kwa babake akaenda kwa mume?
Wewe unakwenda kwa ufunguo."
Mama hakusema kitu. Alihesabu vijiko,
akatenga viwili.

Sikugombana. Ningegombana kwa lugha gani?
Ya kwake naijua ya kuomba chumvi na ya kuomba radhi.
Ya kwangu angeshindwa kwa herufi moja,
na sikutaka kushinda namna hiyo.

Nimehama Jumamosi, godoro juu ya bajaji,
upepo wa Agosti unatupa vumbi kwenye meno.
Yeye yuko mezani, shati jeupe mbele yake,
hakugeuka.
Usiku nafungua begi naikuta blauzi yangu ya kazi,
kola imesimama, mikono imekunjwa kifuani.
Chini ya kola kuna alama ya kuungua,
ndogo kama ukucha.
Miaka yote hiyo, hajawahi kuunguza nguo ya mtu.

Saa nne simu ikalia.
Katika mji huu wa Bunge, baba yangu anauliza
kama anavyouliza kila usiku:
"Umekura?"
Sikuwa nimekula. Kulikuwa na ndoo na godoro.
"Ego," nikamjibu, mimi ambaye siku zote
humjibu kwa Kiswahili.
Akanyamaza. Nikasikia mkaa ukipasuka.
Kisha: "Chirewa anakuja Jumatatu.
Daftari riko wapi?"

"Rafuni, baba, nyuma ya..."
Nikaangalia begi.
Nimehama nalo.