Nusu Saa, Ibra

Daktari wa Maskati kasema kwa Kiarabu,
nami nikamjibu kwa Kiswahili: haya.
Mtu hushtuka kwa lugha ya mamake.

Leo zamu yangu ya maji, nusu saa kamili.
Nimevua viatu, nimeziba mfereji kwa tambara,
falaji ikageuka, ikaingia shambani
kama mgeni asiyebisha hodi.

Mitende hii aliipanda babu yake Rayya, mke wangu.
Mmoja, mchanga, nimeuchimbia mwezi uliopita.
Utazaa baada ya miaka mitano.
Nimehesabu. Nikacheka peke yangu.

Saa imefika. Zahor wa jirani anakohoa ukutani,
kwa adabu, asiniharakishe.
Nalichomoa tambara.
Maji yanaondoka bila kuaga.

Miguu yangu bado imelowa.