Kula Yangu

Mwanaidi, binti wa mwenye nyumba, darasa la sita,
kakalia ndoo aliyoipindua, daftari mapajani.
Ndiye afisa uhamiaji wangu hadi Jumanne.
Malipo yake: sketi ya shule nimpunguzie kiuno,
na vipande vya kitenge vya kumvika mdoli.

"Bendera ina rangi ngapi?"
Nne.
"Muungano lini?"
Ishirini na sita, mwezi wa nne, sitini na nne.
"Mikoa?"
Selasini na moja.
"The, mama. Toa ulimi nje kidogo. The-lathini."
Natoa ulimi. Anacheka. Tunarudia.

Somo hilihili, muhula uliopita,
yeye alipata kumi na tisa kwa hamsini
na hakuna aliyemwambia ahame.

*

Jina langu lilitoka gazetini,
chini ya kiwanja kinachouzwa Chanika,
juu ya hati iliyopotea:
Kapitolina Ndayikeza, fundi cherehani, Tandika.
Mwenye sababu ya kupinga aandike.

Mama Shamte alinijia nalo, limelowa mafuta ya maandazi,
kidole juu ya jina.
"Kumbe wewe si Muha?"
Miaka kumi na minane nimekuwa mtu wa Kasulu.
Sikusema mimi. Walisema wao, nikanyamaza,
na kule kunyamaza kukanipangishia chumba,
kukaniletea wateja,
kukanikalisha mkekani kwenye misiba yao.
Akanitazama kama apimaye kitambaa kwa jicho.
Kisha: "Haya. Gauni langu la Idi, bado liko palepale?"
Liko palepale, Mama Shamte.
Sijui kama ataandika.

*

Ugonjwa wangu ni L na R.
Kwetu zililala kitanda kimoja;
huku kila moja ina chumba chake
nami kutwa nabisha mlango usio wenyewe.
Usiku, umeme ukirudi, naisikiliza cherehani:
rrrrr, pindo zima, haikosei hata mara moja.
Nayo ilitoka China, na hakuna anayeihoji.
Naifuata kwa mdomo:
lala, rarua, lori, ruhusa.

"Kwa nini unataka uraia?"
Mwanaidi amekunja uso, sauti ameiteremsha hadi tumboni.
Hili nimejiandaa nalo wiki nzima.
Nataka kula, nasema. Kula yangu, kama wenzangu.
Anaanguka na ndoo yake.
"Mama Kapi! Umesema unataka kula!"
Kicheko kinamtoa baba yake dirishani, mswaki mdomoni.
"Waambie hivyohivyo," anasema Mzee Pazi,
"si ndicho wanachotaka wote wanaogombea?"
Anatema povu, anarudi ndani.

*

Karatasi ya mwisho ameificha chini ya daftari.
Hii haina maswali. Ni kiapo:
atasoma afisa, nami nifuatishe.
"Jaribu. Neno lenyewe hili hapa."
Nakana.
"Tena."
Nakana.
"Hilo umelipatia!" Anapiga makofi,
anachora vema kubwa kwa kalamu nyekundu.

Halina L. Halina R. Halitaki ulimi nje.
Hata kwetu husema guhakana;
limevuka mpaka bila kuonyesha karatasi.
Katika maneno yote ya lugha hii
hilo ndilo la kwanza kunitoka kama mzaliwa,
bila kukwaruza,
na ng'ambo ya neno hilo yupo mama, Rutana,
ambaye hajawahi kusikia Kiswahili changu,
kibovu wala kizuri.

"Mbona umenyamaza?"
Sindano, nasema. Natafuta tundu.

Sketi yake iko mapajani mwangu, kiuno kimefumuliwa.
Uzi unakataa kupita. Nauchomoa, nalamba ncha.
Naye hapohapo, kunivizia:
"Mikoa mingapi?"

Thelathini, nasema,
ulimi ukiwa bado nje,
na moja.