Mizani ya Gramu

Andika, kijana. Eudocia Tapiero.
Duka moja, mlango mmoja, mto mbele.
Fomu yako inataka hasara kwa peso;
umebahatika, mimi muuza duka,
bei zote ninazo kichwani.

Anzia kwenye mahindi.
Gunia, hapa, elfu ishirini.
Nauli yake ya boti hadi Puerto Alondra, elfu ishirini na tano.
Piga hesabu mwenyewe, wewe uliyesoma.
Mume wangu aliipiga mara mbili akidhani amekosea,
kisha akawamwagia kuku gunia lile
akaenda kuulizia miche ya koka.

Barabara waliyotuahidi ilikuwepo kwenye ramani. Niliiona:
mstari mwekundu, umenyooka, mzuri.
Hajaupita hata punda.

Ndipo nikanunua mizani hii. Ishike. Nyepesi, eh?
Miaka kumi na minne noti hazikufika huku;
tulilipana kwa unga ule wenye rangi ya meno.
Gramu moja, ratili ya mchele.
Gramu kumi na mbili, viatu vya shule.
Hata sadaka ya padri niliipima mimi,
nikapuliza sahani kabla ya kuweka ya mwenzake.

Wakaja wa mlimani na bunduki zao na daftari.
Daftari ndilo lililonitisha.
Mali bila daftari huisha bila habari, wanasema;
yetu iliisha na habari zake zote zimeandikwa.
Waliiita chanjo, yaani ukilipa huugui.
Kila Jumamosi, kumi katika mia.
Kisha wakaja wa bondeni, waliotumwa na wenye ng'ombe,
nao wakaja na chanjo yao.
Mkono mmoja, sindano ngapi?

Umeandika? Haya, geuza ukurasa.

Mwanangu Yeferson alikuwa na miaka kumi na saba
na viatu vya kaka yake.
Wa mlimani walitoa nyimbo na maharage.
Wa bondeni walitoa mshahara, tarehe thelathini, bila kuchelewa.
Watu wa mji mkuu huja kuniuliza itikadi yake.
Itikadi! Alitaka pikipiki.

Alinitumia noti, noti za kweli, zimekunjwa ndani ya soksi.
Na Jumamosi ilipofika, droo haina unga,
nilizichukua zilezile nikawapa wa mlimani.
Miezi saba.
Mshahara wa mwanangu uliingia kwa mlango huu asubuhi
ukatoka jioni kwa mlango huohuo
kwenda kwa waliokuwa wakimwinda.
Risasi ni bei gani, kijana? Hujui. Mimi niliuliza, baadaye:
elfu mbili mia tano.
Nikagawanya.
Sikwambii nilipata ngapi.
Iliyohitajika ilikuwa moja.

Sasa ni amani, na amani siikatai;
nalala bila kuvaa viatu.
Ila koka imeshuka bei, na iliyobaki wanaing'oa,
na barabara bado ni wino.
Juzi mtoto wa Nubia alikaa hapo ulipokaa wewe,
akazungushazungusha kofia, akauliza
siku hizi nani anaajiri.
Nikajifanya napima bizari.

Kwenye kisanduku cha thamani uweke nini?
Weka mlango, weka mabati, weka yule ndama.
Mengine yaache wazi, mkifika mjini mtayapunguza tu.

La, sitii sahihi kabla hujalipa kahawa.
Vikombe viwili. Elfu moja na mia sita.
Usinitazame hivyo, mwanangu.
Hapa tulishaacha kukopeshana.