Jumatano ya Shimo

Newala, Ramadhani, kumi la kwanza.
Redio ya kinyozi Likapa ikasema:
huko Uswisi wamechimba handaki la duara,
kilomita ishirini na saba, chini ya mashamba ya watu,
na Jumatano watarusha humo
vitu vidogo kuliko vumbi la salfa,
baadaye wavigonganishe uso kwa uso
waone dunia ilianza na nini.

Wapo wanaohofia, ikaongeza kabla ya tangazo la sabuni,
kuwa litazuka shimo jeusi
limeze kila kitu.

Kila kitu?
Wembe ukasimama hewani.
Hashimu Ng'itu akatoka mbio na nusu ya nywele.

Adhuhuri habari ilikuwa imeshavaa viatu.
Sokoni: limekwisha kumeza mji mmoja, wanaficha.
Stendi: litapita chini kwa chini, litokeze huku,
kwani sisi si tunalo tayari?

Tunalo, kweli. Shimo la Mungu,
pale uwanda unapokatika ghafla kama mkate
na bonde la Ruvuma limelala mbali, bluu, halina habari.
Tumekua tukirusha mawe mle.
Sijasikia hata moja likitua.

Chitanda, mwenye deni la mifuko miwili ya salfa,
akamwambia mdai wake kwa upole:
Tuonane Alhamisi.
Dada yangu Asumini akauliza, wala hakuwa na utani,
kama dunia inaisha saa tano na nusu asubuhi
daku ale ya nini.
Kula, mama akamwambia.
Utajibuje maswali ya malaika na tumbo tupu?

Mwalimu Nandonde wa fizikia alifurahi
kama mtu aliyeandikiwa barua.
Akachora duara ubaoni, chaki ikavunjika,
akamalizia kwa kipande.
Toka hapa hadi Kitangari, jamani, na chenji inabaki!
Akataja chembe, akataja mwendo wa nuru,
akasema tutajua kwa nini vitu vina uzito.
Sisi tuliobeba ndoo kichwani tangu darasa la pili
tukatazamana.
Hilo, Fatu Namwete akanong'ona, wangetuuliza.

Usiku, baada ya tarawehe, akapita kwetu kununua korosho.
Mama alikuwa anabangua, majivu hadi kwenye viwiko.
Mwalimu akachuchumaa, akatazama jiwe likipanda na kushuka.
Unajuaje nguvu ya kugonga?
Sijui, mama akasema. Ukizidisha, unga.
Ukiogopa, mafuta yanakubabua.
Na kuna nyingine unaigonga vizuri kabisa,
ndani hamna kitu.
Mwalimu akaiandika ile kauli nyuma ya risiti.

Jumatano.
Betri zimeanikwa juani tangu asubuhi.
Shule nzima uani, midomo mikavu,
redio juu ya dawati, inakoroma.
Saa tano na ishirini na nane
kitu kikaguruma chini ya miguu yetu.
Fatu akapiga shahada. Mtu akaangusha kiatu.
Kikaguruma tena, karibu zaidi,
na bomba la uani, kavu tangu Juni,
likakohoa:
hewa, kisha kutu,
kisha maji.

Nani angesikiliza redio? Tulikimbilia ndoo.
Mwalimu peke yake alibaki, sikio kwenye spika,
suruali imelowa hadi magotini, anapiga kelele:
Imezunguka! Imezunguka!
Hakuna aliyemuuliza nini.

Miaka minne baadaye nilisoma kwamba wamekipata,
kile cha uzito. Mwalimu alikuwa amehamishiwa Liwale.
Nilitaka kumpigia, sikuwa na namba.

Lakini ile Alhamisi, kabla ya alfajiri,
mdai alikuwa amekwisha kufika mlangoni kwa Chitanda.
Na Hashimu akarudi kwa Likapa
amaliziwe nusu ya kichwa.
Alitozwa bei nzima.