Ritifaa

Mimi huchora mabango Majengo, nyuma ya soko.
Herufi moja mia tano, rangi juu yangu;
ukitaka herufi iwe na kivuli, ongeza mia mbili.
Nukta sitozi. Mkato sitozi.
Nilidhani ni vitu vidogo.

Akaja Ezera wa marehemu Chedego,
suti ya msiba bado ina mkunjo wa pasi,
karatasi mkononi: BROTHER'S STORE,
na ule ukucha umetua kabla ya S.
"Hapo hapo," alisema, "usiusogeze."
Nikachora. Bluu juu ya nyeupe, bati la futi nane.
Likapendeza.

Jua halijashuka, akaja Yoeli, mdogo wake,
vumbi la alizeti kwenye kope,
akasimama chini ya ngazi yangu.
"Fundi, umenitoa dukani."
Nimekutoaje, na jina lako sikuliona popote?
Akaokota kijiti, akaandika mchangani:
ukucha ukiwa kabla ya S, ndugu ni mmoja;
ukiwa baada yake, ni wawili, ni watatu, ni ukoo.
"Sogeza upana wa vidole viwili
nirudi kwenye mali ya baba."

Usiku ule sikulala upesi.
Sisi tukisema duka la Ezera,
ile "la" huambatana na duka, haimgusi Ezera.
Kiti cha, mizabibu ya, shamba la:
mali yenyewe ndiyo hufungua kinywa,
mwenye mali hasikii kitu mwilini.
Kule mali imekaa kimya
na mwenyewe ndiye anayekatwa sikio,
kama babu alivyowakata ndama kule Mvumi:
mkato mmoja kushoto, wa kwetu;
miwili kulia, wa kina Masinga;
na kisu kikiteleza nusu inchi
ng'ombe amehama zizi bila kupiga hatua.

Asubuhi nikapanda na makopo mawili.
Nikauziba wa kwanza kwa nyeupe,
nikachora mwingine baada ya S.
Ezera alitazama kutoka mlangoni, mizani ya karanga mbele yake.
Hakusema acha, hakusema endelea.
Aliongeza jiwe kwenye mizani, akalitoa.

Ijumaa akashuka Foibe kutoka Kongwa,
mwalimu wa Kiingereza, dada yao, kifungua mimba.
Nani alilipa hospitali siwezi kusema;
najua tu nani alikuwa na risiti.
Akalisoma bango kama daftari la mtoto,
kichwa kimeinama kidogo.
Nikauliza: Mwalimu, nimekosea?
"Hapana. Alama iko mahali pake.
Kiingereza ni sahihi kabisa, fundi.
Mimi tu ndiye simo."

Nikamwambia, tungeandika Duka la Ndugu
angekuwamo bila kuomba nafasi.
Akacheka kwa pua.
"Ndiyo. Na Ezera angesema ndugu ni mmoja.
Neno letu halihesabu watu."
Akaninunulia soda. Tukanywa tumelipa bango mgongo.

Sasa ni miezi minne.
Ile nyeupe ya bei rahisi imechujuka juani
na ukucha wa kwanza unachungulia tena,
S imekaa katikati ya mikato miwili
kama ndama aliyetiwa alama na koo mbili.
Wanafunzi hupita chini yake wakibishana.
Hakuna aliyeniita kurekebisha.

Jioni narudi kwangu, Chang'ombe.
Hata pale ipo, kwenye kibao cha mtaa,
niliichora mwenyewe.
Haisemi ng'ombe ni wa nani.
Inaisukuma tu sauti puani
ili mnyama aitwe vizuri;
ikifutika, mgeni hujikwaa kwenye g.
Hiyo huirudishia rangi kila kiangazi.
Bure.