Kipimo cha Maji

Kila usiku, saa nne kasorobo,
navaa koti la mpira, nachukua tochi,
nashuka ngazi kumi na nne hadi kwenye kipimo:
ubao mweupe wenye mistari, umesimama majini.
Nasoma. Napanda. Naandika:
sentimita hamsini na mbili chini ya sifuri.
Huku Friesland hata ng'ombe hulala chini ya bahari;
kuandika "chini ya sifuri" si aibu, ni kazi.

Miaka kumi na tisa nimeyaandika maji.
Tarehe, upepo, kina, sahihi: W. Bruinsma.
Mkaguzi angeniuliza, "Na wewe usiku ule ulikuwaje?"
ningemwonyesha upepo wa kusini-magharibi.

Novemba, Jelmer wa zamu ya asubuhi
aliniachia chai kwenye chupa, na kijikaratasi:
"Jana ulinijibu kama lango lenye kutu."
Nikacheka.
Kisha sikucheka.
Pembeni mwa daftari, kwenye safu ya "mengineyo"
ambayo haijawahi kupata kitu ila bata waliokufa,
nikaandika kwa penseli, ili nikijuta nifute:
Leo nilikuwa na hasira. Sijui ya nani.

Ndivyo ilivyoanza. Mstari mmoja,
baada ya maji, kabla ya chai.
Mwanzoni nilidanganya.
Daftari lisilosomwa na mtu, nikalidanganya:
Leo nimekuwa mvumilivu.
Leo nimemsaidia nahodha mlevi, wala sikumsema.
Maji hayana tabia hiyo.
Hayajivuti juu yakiona tochi inakuja.

Nikajifunza kwao, polepole.
Desemba tatu: nimemkatiza Jelmer kauli mara nne.
Desemba tisa: nimesema "hakuna shida." Ilikuwapo.
Desemba ishirini: dada Froukje amepiga simu. Nilikuwa na kazi.
Januari nne: nimeonea wivu buti mpya za Jelmer. Buti!
Januari kumi na nane: mashua hata moja haikupita. Froukje amepiga. Nilikuwa na kazi.

Nyani haoni kundule, husemwa,
na mimi nilikuwa na tochi mkononi.

Kisha Februari mfereji ukaganda.
Kipimo kikabanwa na barafu hadi kifuani,
hakuna cha kusoma,
na usiku ulikuwa mrefu, na chai imekwisha,
nikaanza kusoma nyuma, ukurasa kwa ukurasa,
safu nyembamba ya penseli.
Nilikuwa na kazi. Nilikuwa na kazi.
Mara kumi na moja, kwa mwandiko wangu,
ile "k" yangu yenye mguu uliopinda.
Na mimi, miaka yote, kwenye meza za watu,
nimesimulia jinsi dada alivyofunga mlango
tangu tugawane vyombo vya mama,
tangu ile saa ya ukutani isiyokwenda.
Wietske, nikasema kwa sauti, kibandani peke yangu,
kati yenu wawili
ni nani anayelipwa mshahara kwa kufunga milango?

Nilitaka kufuta. Kifutio kilikuwa mezani.
Nikakitia mfukoni, nikaandika chini yake:
Sina kazi.

Februari kumi na mbili: nimempigia mimi.
Dakika tatu, zote za baridi na bei ya gesi.
Hakunisamehe, sikuomba.
Alikohoa, nikatambua kikohozi cha mama.
Februari kumi na tatu: nimemfokea Jelmer tena, kisa kijiko.

Kupima hakupunguzi maji.
Nalijua hilo kuliko wengi.
Lakini asiyepima
huamshwa na godoro lililolowa,
akauliza nani kamwaga.

Saa nne kasorobo. Barafu imeanza kulia.
Koti, tochi, ngazi kumi na nne.
Kwanza maji.
Halafu mimi.